Vizuia Jua vya Mzee Maige

Lalago,
3 Machi 2025

Fundi Elia,

Shikamoo. Naitwa Martha, binti wa mzee Maige wa hapa Lalago, yule aliyekuwa msimamizi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Aliyenielekeza kwako ni fundi Mayunga, ambaye ametufufulia injini ya gari. Anasema Bariadi nzima hakuna anayeshona viti vya magari ya zamani kama wewe. Amesema pia kwamba unaongea sana, lakini mkono wako umetulia.

Kondakta wa basi la asubuhi atakupa mfuko wenye vizuia jua viwili vya Peugeot 404 ya baba. Ni vile vibao vya juu ya kioo cha mbele ambavyo dereva huvishusha jua likimpiga machoni. Nimevifunga alama: chenye uzi mwekundu ni cha dereva, chenye uzi mweusi ni cha abiria. Cha dereva kimekwisha. Leza, ile ngozi ya juu, imepasuka kila mahali, kadibodi ya ndani imekuwa unga, waya umeliwa na kutu, na ukikipandisha kinaanguka chenyewe kama kope za mtu mwenye usingizi. Cha abiria kimepauka na kushonoka ukingoni tu.

Baba anataka rangi ileile ya maziwa yaliyoganda, na anataka ndani kuwe na pamba, siyo sponji. Nimebishana naye, nimeshindwa.

Sasa nikueleze kwa nini naomba uharakishe. Baba alipata kiharusi mwaka juzi. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno yanamtoka machache. Mimi nilikuwa mtunza maabara katika shule moja ya sekondari Shinyanga. Niliomba ruhusa nije kumtazama hadi apate nafuu, na sijarudi. Kaka yangu Joakim anaishi Kalemela, ana nyumba kubwa na duka la nyavu. Amekubali kumchukua baba. Lakini baba alitamka mbele ya ukoo kwamba hatatoka Lalago kwa basi wala kwa gari la mtu. Atatoka kwa gari lake mwenyewe, likiwa zima lote, kama alivyoingia nalo. Joakim akasema, "Mmesikia wenyewe. Gari likiwa zima nitakuja kumchukua, siyo kabla." Injini imepona, breki zimepona, viti vimeshonwa. Vimebaki hivyo viwili. Mkuu wa shule ameniandikia kwamba nafasi yangu ataishikilia mpaka shule zifunguliwe mwezi wa saba, baada ya hapo ataajiri mwingine.

Usinipigie simu. Kitanda cha baba kiko sebuleni, na kiharusi hakikugusa masikio yake. Hata nikiongelea nyuma ya choo, nikirudi ananiuliza nilikuwa nasema nini. Kwa hiyo nakuandikia.

Martha Maige

*

Bariadi,
7 Machi 2025

Ng'wana Maige,

Marahaba. Mwambie Mayunga kwamba mtu anayelala chini ya magari ya watu hana ruhusa ya kusema nani anaongea sana.

Vizuia jua nimevipokea. Nilipofungua hicho cha uzi mwekundu kilimwagika mezani kama ugoro. Mke wangu alidhani nimeletewa dawa ya kienyeji. Lakini usiogope, kazi ipo. Waya nitakunja mpya kwa kufuata ule wa zamani, badala ya kadibodi nitaweka hadibodi nyembamba isiyopinda kwa joto, leza ya rangi hiyo ninayo kipande nilichokitunza siku nyingi kwa ajili ya mtu mwenye akili za kizamani. Nashukuru baba yako amepatikana.

Habari ya pamba ndiyo imenichekesha. Msukuma hata kwenye gari la Mfaransa anataka apande pamba! Sponji hukatwa mara moja, hukaa sawa. Pamba inataka kupangwa kwa vidole. Lakini mwenye gari ndiye mwenye kauli. Ila mimi sina pamba, nina cherehani. Nitumieni iliyotolewa mbegu.

Na wewe mwenyewe je? Barua yako yote ni gari na baba na kaka. Unakula? Unatoka?

Elia, fundi viti, nyuma ya stendi ya zamani

*

Lalago,
16 Machi 2025

Fundi Elia,

Shikamoo. Nakula. Kutoka, natoka hadi pale sauti ya fimbo inapofika. Baba akinihitaji hugonga fimbo kwenye mguu wa kitanda. Nikienda kisimani namwachia mama jirani, naye akichoka kukaa ananiita kwa kelele kijiji kizima kisikie. Nguo naanika upande wa dirishani kwa sababu akikosa kuniona anaanza kugonga bila kuwa na shida yoyote. Nikiingia na kumwuliza, "Baba, unataka nini?" ananijibu, "Nakuona tu, mayu, mama yangu."

Pamba hiyo hapo kwenye kiroba. Ni ya shamba lake, mavuno yake ya mwisho kabla hajaugua. Alificha gunia moja asiliuze. Nilipomwambia umeagiza iliyotolewa mbegu, akakataa tusiipeleke popote. Akataka kuichambua mwenyewe. Tangu wiki iliyopita nimemketisha chini ya ukuta na sinia mapajani, anachambua kwa mkono wa kushoto. Mtu aliyesimamia mashine za kuchambua malori kwa malori sasa anatoa mbegu moja, anapumzika, anatoa nyingine. Nilitaka kumsaidia akanipiga kidole. "Kazi yangu," akasema. Kwa hiyo nimemwacha mpaka amemaliza. Kwa kweli nilifurahi. Saa alizokuwa akichambua pamba ndizo saa ambazo hakugonga fimbo.

Martha

*

Bariadi,
2 Aprili 2025

Ng'wana Maige,

Vimekamilika, hivyo hapo. Cha dereva nimekifunga upya bawaba, sasa kinasimama pale utakapokiacha. Mwambie mzee akivute chini na juu mara nyingi kabla hajasema neno. Pamba yake imeingia yote isipokuwa gao moja tu la kujaa kiganja, ambalo nimelitunza kwa marekebisho. Nilipoipapasa ina vidonge vidonge, lakini nikasema pamba ya mzee, shauri lake.

Niandikie siku mtakayopita hapa mkielekea Kalemela. Nitasimama barabarani nipige makofi.

Elia

*

Lalago,
21 Aprili 2025

Fundi Elia,

Nakurudishia kizuia jua cha dereva. Tazama kilivyofanywa.

Mayunga alivifunga vyote viwili Jumamosi, wiki mbili zilizopita. Baba alitolewa nje, akakaa kwenye kiti cha abiria, akakishusha chake na kukipandisha, akakishusha tena. Alicheka upande mmoja wa mdomo. Nikaona huo ndio wakati wa kumwambia. Nikamwambia kwamba sasa gari ni zima, nitamwandikia Joakim, tutaondoka baada ya Pasaka. Akaacha kucheka. Kuanzia hapo kila mchana anataka apelekwe kukaa ndani ya gari, bandani, na nikimwambia jua ni kali anajikongoja mwenyewe na fimbo yake.

Leo asubuhi nimeenda kufagia banda nikakuta kizuia jua cha dereva kimepasuliwa ukingoni na pamba inaning'inia nje. Hakuna mtu anayeingia kwenye banda hilo isipokuwa yeye na mimi.

Nilikichukua nikampelekea kitandani. Nikamwuliza, "Baba, hiki nini?" Akakitazama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Halafu akafumba macho. Fundi, macho yale hayakuwa ya mtu aliyeshangaa. Yalikuwa ya mtu anayejua.

Nimefundishwa kwamba mzazi hashtakiwi. Ila nimekosa pa kulisemea jambo hili, nalisemea kwako. Hataki niende. Tengeneza tena, tafadhali.

Martha

*

Bariadi,
28 Aprili 2025

Dada Martha,

Pole sana. Mimi ni mtu wa maneno mengi, leo nina machache.

Nimekiangalia. Ukingo haukukatwa kwa kisu kikali. Umetafunwatafunwa, kama mtu mwenye mkono usio na nguvu amesugua na kitu butu. Kwa hiyo naogopa unasema kweli. Leza nimeibadilisha, pamba iliyotoka nimeirudishia na lile gao nililolitunza nikajazia. Safari hii nimeshona mara mbili.

Lakini nisikilize mimi niliyemuuguza mama yangu. Mgonjwa akiharibu kitu, mara nyingi ndicho kitu pekee alichobaki na uwezo wa kukiharibu. Usimseme sana.

Elia

*

Kalemela,
11 Mei 2025

Mdogo wangu Martha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la mabua. Mimi na wifi yako Felisita tumeisoma na kuifikiria sana.

Kama ulivyosema mwenyewe, baba ameharibu kizuia jua kwa makusudi ili asiondoke. Basi hapo mdogo wangu mbona jibu tumelipata? Mzee amekataa. Alisema mbele ya ukoo gari liwe zima. Sasa yeye mwenyewe amelivunja. Sisi watoto ni nani tumlazimishe? Ukoo utasema tumemng'oa mzee kwenye mji wake kwa nguvu, na akifa huku watanihesabia mimi.

Chumba tulichokuwa tumemwekea kwa sasa nimeweka nyavu, maana msimu umekaribia. Habari ya kazi usisononeke, shule ziko nyingi. Na wewe huna mume wala watoto wa kukusumbua, Mungu amekupa nafasi ya kupata baraka za mzazi ambazo sisi wenzako tunazitamani.

Mwambie baba nampenda. Nitakuja mwezi wa nane tukijaliwa.

Kaka yako,
Joakim

*

Lalago,
25 Mei 2025

Fundi Elia,

Shikamoo. Kizuia jua kimepasuka tena. Kabla hujakasirika, soma hadi mwisho.

Kwanza nikwambie kwamba nilimwandikia kaka yangu kuhusu baba. Nilitaka anionee huruma. Badala yake maneno yangu ameyageuza mlango, na ameufunga. Barua yake nimeisoma hadi nimeikariri. Anasema baba amekataa kwa hiyo nikae.

Siku nilipoisoma nilifanya jambo ambalo sikujua ninaweza kulifanya. Baba alipolala nilichukua fimbo yake. Niliiweka juu ya kabati ambapo hafikii. Nikafunga banda kwa kufuli, vizuia jua vyote viwili vikiwa garini vizima, na ufunguo nikauvaa shingoni. Nilijiambia ni kwa muda tu, mpaka Joakim aje aone gari kwa macho yake. Fundi, kwa siku zile nyumba ilikuwa kimya. Alikuwa anagonga kwa vifundo vya vidole. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi niliweza kujifanya sijaisikia, nikakaa jikoni.

Halafu Alhamisi nikafungua banda kumpisha Mayunga aongeze upepo kwenye matairi. Akaniita. "Martha, njoo uone huyu adui yako." Cha dereva kilikuwa kimetobolewa palepale, na cha abiria nacho safari hii. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Baba hakuwa amesimama kwa siku zote hizo.

Nilikitikisa. Zikadondoka mbegu za pamba, nyingine nzima, nyingine zimebaki maganda. Mayunga akainua kiti cha nyuma tukakuta kiota kizuri kabisa, kimetandikwa pamba ya baba, na panya wanne wadogo wasiofumbua macho. Mayunga akacheka mpaka akakaa chini. "Mmewajengea ghala juu ya kioo!" Mimi sikuweza kucheka.

Zile mbegu ni zile ambazo mkono wake wa kushoto haukuzihisi. Nilikuwa na macho yangu mawili na sikulitazama sinia hata mara moja.

Niliingia ndani, nikashusha fimbo, nikaiweka mkononi mwake. Nikamwonyesha mbegu. Akaichukua moja akaiweka kati ya meno akaing'ata, kama walivyokuwa wakipima kiwandani. Nikamwambia, "Baba, ni panya. Nisamehe, nilidhani ni wewe." Akaacha kutafuna.

"Mimi?" akasema.

"Ndiyo, baba."

Unajua maneno yake yanachelewa, huwa tunayasubiri. Kisha akasema, "Nilidhani wewe."

Nikamwuliza, "Mimi nipasue, kwa nini?"

Akasema, "Ili usinipeleke."

Fundi, umeelewa? Siku ile aliyonitazama muda mrefu akafumba macho, alikuwa ananificha. Alidhani binti yake amepasua kizuia jua kwa kuwa hawezi kuachana naye, akaamua asinitie aibu. Wiki zote hizi mimi nilikuwa namchukia na yeye alikuwa anafurahi. Hata nilipochukua fimbo, nadhani alijua namna ya kunisamehe.

Sasa ameshajua kwamba sikuwa mimi. Hagongi tena. Namwuliza kama anataka maji, anasema hapana. Nimekaa mlangoni, siwezi kuingia na siwezi kutoka.

Martha

*

Bariadi,
1 Juni 2025

Dada Martha,

Panya nimewasamehe, mimi mwenyewe sijajisamehe. Vidonge vile nilivisikia chini ya vidole vyangu nikafanya mzaha. Na ukingo niliushika mkononi, nikaona meno nikasoma mkono wa baba yako. Tulikuwa wawili kumhukumu mzee, usijibebeshe peke yako.

Leta vyote viwili. Lakini sitagusa pamba mpaka mzee aseme mwenyewe. Iko ya kiwandani isiyo na hata mbegu moja, na iko sponji. Mwulize yeye. Usimjibie.

Elia

*

Lalago,
9 Juni 2025

Fundi Elia,

Nimemwuliza. Nilimsomea maneno yako kama ulivyoyaandika. Nilimwambia pia yote: kwamba Joakim amejaza chumba nyavu, kwamba shule zinafunguliwa mwezi ujao, kwamba akitaka kubaki nitabaki na sitamwekea kinyongo. Hilo la mwisho nililisema nikitazama sakafu.

Jana, nikimvalisha shati la kwenda kanisani, akasema, "Weka sponji."

Nikamwambia, "Baba, ulisema pamba. Ulisema lile gari lazima liwe kama zamani."

Akasema, "Sponji. Haraka."

Vyote viwili hivyo hapo, vitengeneze kama alivyosema.

Martha

*

Lalago,
22 Juni 2025

Kaka Joakim,

Shikamoo. Hatukuwa na mtu wa kulaumu isipokuwa panya, na nilikosea kumsema baba kwako. Nafuta maneno yangu. Baba hajakataa. Amekubali kwa mdomo wake mbele ya fundi Mayunga, ambaye ndiye atakayeendesha.

Gari ni zima. Tutafika kwako Jumamosi jioni. Nyavu zitoe au zibaki, baba atalala humo.

Mdogo wako,
Martha

*

Shinyanga,
13 Julai 2025

Fundi Elia,

Shikamoo. Nimerudi kazini. Maabara nimeikuta na vumbi, na chupa zimepangwa na mtu asiyejua kusoma lebo. Nimezipanga upya zote.

Tulipopita kwako ulikuwa umetimiza ahadi ya makofi, lakini hatukupata nafasi ya kuzungumza, na baba alikuwa ananitazama. Nilikuona ulivyoinama dirishani kwake ukamwambia, "Mzee, hivi ni vya milele, panya wa sasa hawali sponji," naye akakushika mkono hakutaka kuuachia. Kwa hiyo nakumalizia habari.

Kutoka Lamadi jua lilikuwa usoni kwetu njia nzima. Mayunga alikishusha chake kikakaa palepale, baba hakukishusha cha kwake. Alikuwa anatazama ziwa upande wa kulia na jua lote machoni, machozi yanamtoka, na sikujua ni ya jua au ya nini.

Joakim alitupokea. Alisema, "Si mngesema mapema," nikamwambia tulisema. Nyavu zilikuwa bado chumbani. Wifi Felisita ndiye aliyezitoa, usiku uleule, bila kumwuliza mtu. Ni mwanamke mzuri kuliko nilivyodhani. Alimwogesha baba, akamwita baba mkwe kwa heshima zote, na baba akala.

Asubuhi baba aliomba kukaa kwenye gari. Mayunga alikuwa ameliegesha uani, limeelekea ziwani. Tukamketisha kiti cha abiria. Nilikuwa na mfuko wangu mkononi, na basi la Mwanza lilikuwa limeshapiga honi barabarani. Nilipiga magoti pale mlangoni nikamwambia, "Baba, naenda." Nikasubiri maneno yake. Nilisubiri, fundi. Honi ikapiga tena, Joakim akasema, "Litakuacha," na mimi sikuweza kuinuka. Nilijua kama atasema neno moja tu, hata jina langu, nitaurudisha mfuko ndani.

Akainua mkono wa kushoto, akakishusha kizuia jua mpaka kikamfunika uso hadi kidevuni. Akabaki amekaa hivyo, mkono umeshikilia ukingo.

Nikaondoka. Nilipofika barabarani niligeuka, alikuwa bado hajakipandisha. Ilikuwa saa mbili asubuhi, fundi. Jua lilikuwa nyuma ya gari.

Martha